Swali Ulilouliza kwa Mama Neema

Riziki mwanangu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Sifa, na nyinyi wawili mkianza kuongea nywele huwa hazimaliziki. Baba yako yuko kiwandani. Mdogo wako Aline amelala kwenye kochi, mdomo wazi. Nimesukuma vikombe pembeni nikakaa hapa mezani, nikuandikie kabla hujarudi kusimama nyuma yangu na kunisahihishia maneno.

Sitakuambia ule, sitakuambia uvae koti. Umekulia kwenye theluji ya Buffalo, Columbus unakoenda haiwezi kukutisha. Mambo ya Mungu nayo mchungaji aliyamaliza Jumapili, alikuombea mpaka wazee wakaketi kabla ya amina. Mimi nakuandikia juu ya wivu. Nina wivu, Riziki. Ninao tangu zamani na leo mchana umeamka upya.

Mama Neema wa Columbus amenitumia sauti kwenye simu. Unaijua sauti yake, ile ya Kitanzania isiyo na haraka. "Dada, usiwe na wasiwasi, mtoto wetu nimeshamtandikia kitanda." Mtoto wetu. Ameshakutandikia kitanda. Kwani hapa ulikuwa unalala wapi, juu ya majani? Nikamsikilizisha baba yako kabla hajaenda kazini. Akacheka, akasema, "Mama Riziki, ungekuwa na mke mwenza ungefanya nini?" Nikamwambia mke mwenza angekuwa afadhali, maana huyo angemchukua yeye tu.

Bon. Nimekubali uende. Asubuhi umsaidie kufundisha watoto wa zile familia zinazosomesha nyumbani, jioni uende chuo, na wewe uje kuwa mwalimu mwenye cheti. Ni jambo zuri. Nimelisema kanisani mbele za watu na sitalirudisha. Lakini hujui mimi nililimezaje, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Tulipofika Louisville, Kentucky, ulikuwa na miaka minane. Shule ilikuweka na wenzako wa umri wako, na miezi ya kwanza ulikuwa unarudi nyumbani unajikunja nyuma ya mlango. Hapo nilikuwa na huruma na wewe, wivu haukuwepo. Halafu Kiingereza kikakuingia. Ukaanza kuongea kwenye simu badala yangu, na mtu wa upande wa pili akawa anakushukuru wewe. Mwalimu wako akakupa kitabu cha picha ukalala nacho kifuani. Watu waliponiuliza kwa nini nilikutoa shule nikufundishe nyumbani, nilisema ni lugha, nilisema ni dini, nilisema kituo cha basi kiko mbali. Vyote vilikuwa kweli kidogo. Lakini nilikiona kile kitabu kwenye mto wako na sikukipenda.

Na mimi nilijua shule moja tu, ile ya kambini Kigoma, tulipokimbilia vita kutoka milimani kwetu, ng'ambo ya ziwa. Watoto tulikuwa wengi kuliko nafasi ya kukaa, na kitabu kilikuwa kimoja, mkononi mwa mwalimu. Akiingia tunasimama: "Jambo, Mwalimu!" Akisema, tunarudia. Akiandika ubaoni, tunanakili. Kuuliza hakukuwepo. Ukinyoosha mkono ilimaanisha hukusikiliza, au unamjaribu mwalimu mbele za watu, na fimbo ilikuwa karibu. Hatukuona ubaya. Ndivyo shule ilivyokuwa, na tuliipenda.

Donc, hiyo ndiyo shule niliyoileta Kentucky. Unakumbuka? Ukishakunywa uji nilikuwa nakutoa jikoni, nakuambia ubishe hodi uingie upya, maana sasa humu ndani hakuna mama, kuna Mwalimu. Ulisimama peke yako kando ya friji: "Jambo, Mwalimu!" Nikasema mbili mara mbili, ukarudia. Mtoto mmoja alikuwa anaitikia kiitikio cha darasa zima. Na kwa kuwa nilitaka sauti ya darasa zima, nilikuambia upaze, ukapaza mpaka jirani akagonga ukuta. Siku moja uliungua kidole kwenye sufuria katikati ya somo, na badala ya kuniita mama ulisema, "Mwalimu, naomba ruhusa ya kulia." Nilikuambia lia. Nilidhani hiyo ni nidhamu, nikamsimulia baba yako kwa fahari.

Halafu ile hadithi ya valizi, ambayo wewe na Aline mnaicheka kila Krismasi. Mimi sicheki sana. Mama mmoja wa kanisani aliniambia maktaba inatoa vitabu bure, vingi tu, na kadi yenyewe ni bure. Mtu aliyekulia kwenye posho ya kambini anajua cha bure kina tabia gani. Kina foleni, na kinaisha kabla foleni haijaisha. Ukipata leo unachukua cha leo na cha wiki ijayo, na ukikirudisha, umekipa mwingine. Kwa hiyo nilienda na valizi ileile tuliyoshuka nayo kwenye ndege. Nikajaza. Hesabu, wanyama, nyota, hata kitabu cha kufuga nyuki. Yule mzee wa maktaba alinisaidia kufunga zipu. Nikaviweka chini ya kitanda, nikawa nakupa kimoja kimoja kama sukari, na sikumwambia mama yeyote mwingine vinatoka wapi. Mama yake Ombeni, ambaye naye alikuwa amemtoa mwanawe shule, aliniuliza waziwazi wewe unasomea nini. Nikamwambia, "Biblia tu."

Siku nilipovirudisha niliburuta valizi mpaka kwenye meza yake. Nilijua watanifokea. Yule mzee akavipokea, akaniuliza kama ulivipenda, akaniambia vipo vingine. Vipo vingine! Nilikaa kwenye gari muda mrefu. Miezi yote ile ulikuwa unasoma kwa kupimiwa, na kule ndani vilikuwa vimejaa rafu mpaka juu. Mama yake Ombeni naye nilikuja kumwambia, lakini mwanawe alikuwa amesharudi shule.

Columbus ndiko wivu ulikopata jina na sura. Tulifuata kazi ya ghala. Na mimi nikawa nafanya zamu, kwa hiyo siku za zamu ukawa unaenda kwa Mama Neema, yule Mtanzania wa kanisani ambaye mumewe alikuja kusoma. Alikuwa na besmenti, chumba cha chini ya nyumba, chenye zulia la kijani, na watoto wa familia nne tano, wakubwa kwa wadogo, wote pamoja. Mara ya kwanza nilipokuja kukuchukua nilidhani nimefika kwenye sherehe. Mmoja alikuwa amelala chali anasoma. Wawili walikuwa na karatasi za matangazo za dukani, zile tunazozitupa, wanapanga kulisha familia yao wiki nzima bila kuzidisha bei. Kakubwa kalikuwa kanakafundisha kadogo saa kwa ratiba ya basi. Hakuna aliyesimama nilipoingia. Niliuliza, "Na shule yenyewe ni saa ngapi?" Akacheka, akasema, "Dada, ndiyo hii."

Na hakuwa ananunua kitu. Vitabu vilitoka maktaba, masomo ya video yalitoka kwenye mtandao, bure. Mbegu za maharage maktaba iligawa, na hata kiingilio cha nyumba ya maonyesho ya sayansi aliazima hukohuko maktaba kama mtu anavyoazima kitabu. Kila alichokigundua alikitangaza kanisani kabla ya matangazo ya mchungaji. Mimi nilificha, yeye alitangaza, na watoto wakawa wanaenda kwake.

Yeye hakufundisha kama mimi. Alikuwa anajifanya hajui. "Hebu nifundishe mimi, hapa sijaelewa." Na wewe, mtoto uliyekuwa unaomba ruhusa ya kulia, ulikuwa unapanda juu ya kiti kumweleza. Alikuwa na msemo wake mmoja, asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mtoto akiuliza swali ambalo yeye hana jibu lake, siku hiyo anapata kuchagua chakula cha wote. Ulichagua wali wa nazi mpaka Neema, binti yake, akalalamika.

Siku moja nilifika mapema. Ulikuwa umelala kichwa kwenye paja lake, anakusomea, na ulisema bila kuinua macho, "Mama, rudia pale." Wote walikuwa wanamwita Mama Neema, na labda ulikata tu jina. Najua. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini nyumbani kwangu, asubuhi ileile, ulikuwa umesimama kando ya friji ukaniambia, "Jambo, Mwalimu." Mimi niliyekuzaa ulinipa jina la kazi, na yeye ukampa langu. Na aliyekufundisha hivyo ni mimi mwenyewe. Uchungu wa mwana aujua mzazi, watu husema. Wivu wake nao aujua yeye.

Sasa sikiliza hili, maana sijui kama unalikumbuka. Siku nyingine nilisimama kwenye ngazi za besmenti, funguo za gari mkononi, na hamkuniona. Mlikuwa kwenye hesabu. Ukanyoosha mkono, ukasema, "Mama Neema, kwa nini tatu ukigawanya kwa nusu inakuwa sita? Kugawa si kupunguza?"

Swali lile lilikuwa langu. Nililibeba kambini, nikiwa na umri kama wako wa siku ile. Tulirudia, tatu kwa nusu, sita, tatu kwa nusu, sita, na kichwani nilikuwa nauliza inawezekanaje. Posho ikigawanywa hupungua. Shamba likigawanywa kwa ndugu hupungua. Hiki ni kitu gani kinachogawanywa kikaongezeka? Mkono wangu ulitaka kwenda juu nikaukalia. Nikaukalia mpaka tukavuka hesabu hizo, nikakua, nikaolewa. Na wewe ukaliuliza tu, umekaa kwenye zulia, miguu haina viatu.

Mama Neema akapiga makofi. "Neema! Panda juu, leta chapati tatu!" Neema akapanda, akanipita kwenye ngazi, akaenda jikoni, akarudi na sahani. Ikanipita harufu. Na mimi badala ya kushuka nikasema, "Riziki, vaa viatu, tunaenda."

Ukasema, "Mama, kidogo tu." Mama Neema naye akasema, "Dada, karibu, shuka ukae, tunakata sasa hivi." Nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka hata kidogo. Ulivaa viatu huku unaitazama ile sahani, ukalia njia nzima, na nikawasha redio.

Baada ya hapo ndipo binamu ya baba yako akatuita Buffalo, kwamba nyumba ni rahisi na kiwanda kinachukua watu. Hayo ni kweli. Lakini baba yako aliniuliza, na kama besmenti ile isingekuwepo, ningesema tubaki. Nilisema twende. Nilidhani nikiweka maili za kutosha katikati, utabaki na mimi.

Ukabaki na mimi, na simu. Huku mtaani Kensington-Bailey nyumba hizi zina kuta nyembamba, Riziki. Ulikuwa unajifungia bafuni, unafungua bomba, unamuuliza maswali yako. Maji yalitiririka na sauti yake ikatiririka nayo. Nilikuwa napika upande huu wa ukuta. Sikukugongea hata siku moja, na naomba unihesabie hilo, maana mkono ulikuwa unaniwasha.

Na watu wa elimu wa jimbo hili la New York hawana mchezo, kila baada ya miezi michache wanataka kuambiwa mtoto amejifunza nini. Nilikuwa nawaandikia kwamba nimekufundisha hiki na hiki. Kumbe nusu ni Mama Neema wa bafuni, na nusu nyingine ni wewe mwenyewe, pale maktaba ya Bailey, mpaka wanafunga. Mimi nilileta nini? Nimejiuliza wiki hii nzima. Nilikusomea Kiswahili kila jioni, hilo nilifanya. Nilikuacha upike kwa kipimo chako hata ulipoharibu. Na nilichoka kuitwa Mwalimu, siku moja ya theluji nikakuambia acha, niite mama, hata tukiwa tunasoma. Ukanitazama, ukasema, "Okay, Mwalimu." Tukacheka wote, lakini mimi niliingia chumbani.

Sasa unaenda kufundisha watoto wa watu, na kitu kimoja ninacho ambacho Mama Neema hana, kwa sababu yeye hajawahi kusimama pale ngazini. Watoto watakupenda. Una subira, una ule utani wako, nimekuona na Aline. Kuna siku mtoto ataweka kichwa kwenye paja lako. Siku hiyo angalia ngazini. Kutakuwa na mama amesimama, ametoka zamu, na sare ya kazi, funguo mkononi. Atasema ana haraka. Usimwamini. Usimwite tu karibu kutoka chini kama watu wanavyoita. Panda, umshike mkono, umshushe, umpe kiti, umpe na yeye kipande. Mwambie mtoto amfundishe mama yake mbele yako. Yule mama hajaja kuvunja darasa lako. Amekuja kutafuta nafasi yake humo darasani, na anaona aibu, na aibu yake ina sauti kali.

Na akikuambia anasomesha Biblia tu, mwambie vitabu vinatoka wapi.

Juzi nilikuwa nakaanga vitunguu, wewe na Aline mko mezani. Aline akakuuliza kitu kwa Kiingereza chake, sikukipata chote, kilihusu mwezi na kwa nini unatufuata tukiwa kwenye gari. Ukamwambia, "Sijui, wewe unadhani?" Na mkaanza. Nikasimama na mwiko mkononi, na ule wivu ukaja. Nikauangalia vizuri safari hii, maana pale Mama Neema hakuwepo wa kulaumiwa. Nikaona haumhusu yeye, hata kule Columbus haukumhusu yeye sana. Nilikuwa na wivu na wewe. Nilitaka kuwa yule mtoto wa kwenye zulia. Nilitaka mtu aniulize, wewe unadhani? Nimekuwa mtu mzima, nimekuzaa, nimekuvusha bahari, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Vitunguu viliungua. Ukadhani ninalia kwa moshi.

Jibu la chapati sikulisikia, Riziki. Nilikutoa kabla hazijakatwa, na wewe utakuwa ulilipata baadaye, bafuni au kwa akili yako. Mimi mpaka leo najua tu kwamba ni sita, kwa wimbo. Utasema, mama, si ungekata mwenyewe? Chapati nakanda kila wiki. Ndiyo, kisu ninacho, na sina ujinga wa kiasi hicho, ningekata ningeona. Sikutaka. Sikutaka kulipata peke yangu, nimesimama jikoni. Nilitaka kuuliza, mtu afurahi kwamba nimeuliza, apige makofi, aite chapati.

Basi lako kesho ni saa nne asubuhi. Nitaamka mapema nikande. Zile za safari nitazifunga kwenye foili, usiziguse. Tatu zitakuwa kwenye sahani ya bluu, katikati ya meza, na kisu kando. Usibebe begi kwanza. Usiangalie simu. Kaa upande wa dirishani, mimi nitakaa upande wa Aline, na nitanyoosha mkono. Usicheke. Ukicheka, cheka kidogo. Nitakuuliza swali langu, na wewe ukinijibu niite mama.

Tukichelewa tumechelewa. Mama Neema na angoje, kitanda si ameshakitandika.

Ni mimi,
Mama Riziki, na hakuna mwingine mwenye jina hilo.